Kijiji kilichokubali kujifungia: watu wa Eyam na tauni ya mwaka 1665–1666

Wengi wetu tunakumbuka bado ndoo za maji ya klori mbele ya milango ya makanisa yetu. Tunakumbuka siku zile ambapo waamini walisalimiana kwa kiwiko, na mama wa kanisa waliogopa kwenda kuketi na mfiwa. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia na Ituri, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Tunakumbuka pia mabishano. Nani atazika? Juu ya nini familia isiuoshe mwili wa mpendwa wake? Mchungaji mmoja alisema tufuate mashauri ya waganga, mwingine akasema hiyo ni kukosa imani, na waamini wakabaki katikati bila kujua wamsikilize nani. Ugonjwa umekwisha, lakini maswali hayo hatujayajibu yote.

Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za watu wengine waliokutana na maswali kama hayo miaka zaidi ya 350 iliyopita. Ni watu wa kijiji kimoja kidogo cha Uingereza, jina lake Eyam. Hawakuwa na chanjo, wala maabara, wala simu. Tutatazama kwanza namna walivyoishi kila siku, kwa sababu bila kujua hayo hatuwezi kuelewa uamuzi waliouchukua na bei waliyolipa.

Kijiji cha wachimbaji na wafugaji

Eyam iko katika jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza, katika inchi ya milima na baridi. Katika karne ya 17 watu wake walikuwa wakulima wadogo, wafugaji wa kondoo na wachimbaji wa madini ya risasi. Msomaji wa Walikale au wa Shabunda hatashangaa akisikia habari za machimbo yao. Watu walichimba kwa mikono, kwa sururu na nyundo, wakishuka katika mashimo membamba yenye giza. Desturi ya zamani ilimpa mtu wa kawaida haki ya kuchimba mahali alipogundua risasi, hata kama shamba si lake. Lakini madini yalipimwa kwa chombo maalumu, na kila kipimo cha 13 kilikuwa cha mfalme au cha yule aliyepewa haki na mfalme. Palikuwa na afisa wa machimbo na baraza la wachimbaji la kukata maneno yao.

Nyumba zilijengwa kwa mawe, nyingi zikiwa na chumba kimoja au viwili, na familia nzima ililala karibu karibu kwa sababu ya baridi. Sakafu ilikuwa ya udongo au ya mawe, na mara nyingi ilitandikwa majani. Moto uliwaka mchana kutwa mahali pa kupikia. Tangu mwaka 1662 serikali ilidai kodi kwa kila jiko la nyumba, shilingi mbili kwa mwaka, ila maskini sana walisamehewa. Watu hawakuipenda kodi hiyo, maana mkusanyaji aliweza kuingia ndani ya nyumba kuhesabu majiko.

Chakula chao cha kila siku kilikuwa uji na mikate myembamba ya shayiri ya milimani, pamoja na jibini na mboga, na nyama kidogo kwa wale wenye uwezo. Walikunywa bia nyepesi, hata watoto. Nguo zilikuwa za sufu, nzito, na mtu hakuwa nazo nyingi. Nguo ya marehemu haikutupwa, ilirithiwa na ndugu. Tulikumbuke neno hili la nguo, tutalirudia.

Panya walikuwa katika kila nyumba na kila ghala, na viroboto vilikuwa katika nguo na matandiko. Hakuna aliyeona hilo kuwa jambo la kuogopa. Ndivyo maisha yalivyokuwa.

Kanisa lilikuwa serikali ya karibu

Katika Uingereza ya wakati ule, parokia haikuwa mahali pa sala tu. Tangu mwaka 1538 kila parokia iliamriwa kuwa na daftari la kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Kwa sheria ya mwaka 1601, parokia ndiyo iliyokusanya mchango wa kusaidia maskini, wajane na yatima wake. Kwenda kanisani siku ya Bwana ilikuwa sheria, na asiyekwenda aliweza kutozwa faini. Fungu la kumi nalo lilikuwa la lazima. Kwa hiyo mchungaji alikuwa mtu wa dini, lakini pia alikuwa karibu sawa na shefu, mwandishi wa serikali na mshauri wa kijiji kwa pamoja.

Karne hiyo ilikuwa ya taabu kubwa. Kuanzia mwaka 1642 Waingereza walipigana wenyewe kwa wenyewe, upande mmoja ukiwa wa mfalme, upande mwingine wa bunge. Mwaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Kwa miaka 11 inchi haikuwa na mfalme, mpaka mwaka 1660 mtoto wake, Charles wa Pili, aliporudi. Siasa na dini vilikuwa kamba moja. Wale walioitwa Wapuritani walitaka kanisa lenye sala rahisi, mahubiri mengi na desturi chache. Wengine walishika maaskofu na kitabu cha sala cha kanisa la taifa. Mfalme aliporudi, upande wa pili ulipata nguvu. Mwaka 1662 ilitoka sheria iliyowalazimisha wachungaji wote kukikubali kitabu hicho. Wachungaji wapatao 2,000 walipoteza kazi na nyumba zao katika miaka hiyo kwa sababu dhamiri zao zilikataa.

Wachungaji wawili wasiopatana

Mmoja wao alikuwa Thomas Stanley, mchungaji wa Eyam tangu mwaka 1644. Wanakijiji wengi walimpenda, kwa kuwa alikuwa amewabatiza watoto wao na kuwazika wazee wao. Alifukuzwa katika kazi, lakini hakuihama Eyam. Sheria nyingine, ya mwaka 1665, iliwakataza wachungaji waliofukuzwa kukaribia parokia zao za zamani kwa umbali wa maili tano, ni kusema kilomita 8. Stanley aliendelea kukaa pale pale.

Mwaka 1664 alikuja mchungaji mpya, William Mompesson, kijana ambaye alikuwa hajafikisha miaka 30, pamoja na mke wake Catherine na watoto wawili wadogo. Alikuwa amesoma Cambridge na alikuwa mtu wa upande wa mfalme. Hakuwa mwenyeji, na wengi hawakumtaka. Tufikiri kidogo: parokia moja, wachungaji wawili, mmoja mwenye cheo lakini bila mioyo ya watu, mwingine mwenye mioyo ya watu lakini bila cheo. Sisi tunaojua namna jumuiya zetu zinavyogawanyika kwa ajili ya uongozi, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kitambaa kilichotoka London

Katika mwaka huo wa 1665 tauni kubwa iliipiga London, mji mkuu. Vitabu vya mji viliandika watu zaidi ya 68,000 waliokufa kwa tauni, na wataalamu wa historia wanasadiki kwamba hesabu ya kweli ilikaribia 100,000. Mgonjwa alipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kwenye mapaja, kwapani au shingoni, na wengi walikufa katika siku chache tu. Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa na watu wote ndani, wazima na wagonjwa, kwa siku 40. Mlango ulipakwa msalaba mwekundu pamoja na maneno ya kumwomba Bwana rehema, na mlinzi alisimama nje. Matajiri walikimbilia mashambani na maskini wakabaki.

Watu hawakujua asili ya ugonjwa. Waliwaza kwamba unatoka katika hewa mbaya, kwa hiyo walivuta tumbaku, walichoma manukato na kuwasha mioto barabarani. Wakuu wa London waliamuru mbwa na paka wauawe, wakifikiri ndio wanaoeneza. Kumbe paka ndio waliokuwa wanakamata panya. Ilikuwa mwaka 1894 tu ambapo mganga Alexandre Yersin aliitambua bakteria ya tauni katika mji wa Hong Kong, na miaka michache baadaye ikajulikana kwamba viroboto vya panya ndivyo vinavyoileta kwa binadamu.

Eyam iko mbali na London, zaidi ya kilomita 200. Lakini mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba 1665, kifurushi cha vitambaa kilifika kutoka London katika nyumba ya mshona nguo mmoja wa kijiji, Alexander Hadfield. Msaidizi wake, George Viccars, alikifungua akaona vitambaa vina unyevu, akavitundika karibu na moto vikauke. Watu wengi wanasadiki kwamba viroboto vilikuwa ndani yake. Baada ya siku chache Viccars aliugua, akazikwa tarehe 7 Septemba. Kabla ya mwisho wa mwezi watoto wa nyumba ile ile na majirani walianza kufuata. Mwisho wa mwaka ulipofika, zaidi ya watu 40 walikuwa wamekufa.

Kisha baridi kali ikaja, na ugonjwa ukapungua. Watu wakapumua. Wakasema Mungu ameuondoa. Lakini Mei na Juni 1666, jua liliporudi, tauni iliamka tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

Maneno matatu waliyopatana

Ndipo watu wakataka kukimbia. Baadhi ya wenye mali walikuwa wamekwisha kuondoka. Mompesson aliona hatari: watu wa Eyam wakitawanyika, watabeba ugonjwa mpaka Sheffield, mpaka Bakewell, mpaka kila kijiji chenye ndugu zao. Lakini alijua pia kwamba peke yake hatasikilizwa. Akamwendea Stanley.

Hatuna maneno waliyosemezana siku hiyo. Tunajua matokeo yake. Mwezi wa Juni 1666 wachungaji hao wawili walisimama pamoja mbele ya watu na kuwaomba wakubali mambo matatu.

La kwanza, wafu wasipelekwe tena kwenye makaburi ya kanisa. Kila familia imzike mtu wake haraka, karibu na nyumba, katika shamba au bustani. Kwa watu wa wakati ule hili lilikuwa neno gumu kupita yote. Kuzikwa katika udongo wa kanisa, kengele ikilia na mchungaji akisoma sala, ndiyo ilikuwa heshima ya mwisho ya Mkristo.

La pili, jengo la kanisa lifungwe. Ibada ifanyike nje, katika bonde dogo linaloitwa Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Mompesson alihubiri akisimama juu ya mwamba. Walifunga mlango, lakini hawakuacha kumwabudu Mungu.

La tatu, mtu yeyote asitoke kijijini, na mtu yeyote asiingie, mpaka ugonjwa uishe.

Ili watu wasife njaa, mtawala mkubwa wa eneo lile, Earl wa Devonshire, aliyekuwa na jumba lake Chatsworth, alikubali kuwasaidia kwa vyakula na mahitaji mengine. Watu wa vijiji vya jirani waliacha vitu mpakani, wakaenda zao. Mpaka sasa jiwe moja liko kati ya Eyam na kijiji cha Stoney Middleton, lenye matundu madogo. Ndani ya matundu hayo wanakijiji waliweka sarafu za kulipia vitu, na siki ikamiminwa juu yake ili kusafisha. Kuna na kisima kilichotumiwa vivyo hivyo, ambacho kinaitwa mpaka leo kisima cha Mompesson.

Siku za Agosti

Mwezi wa Agosti 1666 ulikuwa mbaya kuliko yote. Katika mwezi huo mmoja walikufa watu zaidi ya 70.

Katika shamba la Riley, nje kidogo ya kijiji, aliishi mama Elizabeth Hancock. Katika siku nane alimzika mume wake na watoto wake sita. Aliwazika mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumkaribia. Masimulizi ya kijiji yanasema alikuwa akifunga mdomo kwa kitambaa na kuwakokota mmoja mmoja mpaka kwenye kaburi alilolichimba, na watu wa kijiji jirani walimtazama kutoka mlima wa upande wa pili bila kuthubutu kwenda. Yeye hakuugua. Makaburi hayo yapo bado, yamezungushiwa ukuta wa mawe katikati ya shamba.

Masimulizi yanamtaja pia mtu mmoja, Marshall Howe. Aliugua mapema, akapona, akaona kwamba ugonjwa hautamrudia. Akawa mzikaji wa wale ambao familia zao zilikwisha kabisa. Malipo yake yalikuwa vitu vya marehemu: nguo, vyombo, pesa. Mke wake na mtoto wake wakafa kwa tauni. Watu walisema aliwaletea kifo nyumbani katika nguo zile. Tumesema tutaurudia neno la nguo, ndilo hili. Kitu kilichokuwa urithi wa kawaida kilikuwa kimegeuka kuwa mlango wa kifo, na hakuna aliyewaelezea.

Na nyumbani kwa mchungaji? Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake wawili kwa ndugu, kabla ya mapatano ya Juni. Alimwomba Catherine aende nao. Catherine alikataa, akasema atabaki na mume wake. Alizunguka pamoja naye kwa wagonjwa. Tarehe 25 Agosti alikufa, akiwa na miaka 27. Barua ambazo Mompesson aliandika siku zilizofuata zimehifadhiwa. Katika moja aliwajulisha watoto wake kwamba hawana mama tena. Katika nyingine alimwaga mfadhili wake, kwa kuwa alitazamia kufa pia. Hakufa.

Mtu wa mwisho alizikwa mwanzoni mwa Novemba 1666. Hesabu ya wafu inayotajwa kwa kawaida ni watu 260, kutoka jamaa 76. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Wachunguzi wa siku hizi wanaona walikuwa wengi zaidi, labda 700 au zaidi. Hata hivyo, karibu kila nyumba ilikuwa na kilio. Katika barua ya Novemba, Mompesson aliandika kwamba mahali pale pamekuwa Golgotha. Waliobaki walichoma nguo na matandiko yao, mara nyingine wakibakiwa na kidogo sana cha kuvaa wakati wa baridi.

Je, walifanya vizuri?

Hapa tunapaswa kusema kweli yote, maana habari kama hii hugeuzwa upesi kuwa hadithi tamu.

Kwanza, si mambo yote tunayosikia juu ya Eyam yaliandikwa wakati ule. Daftari la parokia na barua za Mompesson zipo. Lakini masimulizi mengine yaliandikwa baadaye sana, hata baada ya miaka mia na zaidi, na watu huongeza.

Pili, si wote waliolipa sawasawa. Waliokuwa na mali na ndugu wa kuwapokea waliondoka mapema. Watoto wa mchungaji walikuwa salama mahali pengine. Mchimbaji wa risasi mwenye watoto saba alikwenda wapi? Tena miji ya jirani haikuwataka: Sheffield ililipa walinzi ili kuwazuia watu waliotoka upande wa Eyam. Kwa hiyo wengine walibaki kwa upendo, wengine kwa utii, na wengine kwa sababu hapakuwa na njia.

Tatu, kuna wanaosema kwamba kujifungia kuliwaua wengi ambao wangepona kama wangetawanyika milimani, mbali na nyumba zenye panya. Inawezekana. Mwaka 2016 watafiti walilichunguza daftari la parokia kwa hesabu za kisasa. Waliona kwamba karibu robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na robo tu kutoka kwa panya, na kwamba mara nyingi ugonjwa ulienea ndani ya nyumba moja. Kama ni hivyo, kusimama mbali mbali katika bonde na kuzika haraka kulikuwa na maana, hata kama wenyewe hawakujua sababu. Lakini ndani ya nyumba mama aliendelea kumlisha mtoto wake mgonjwa, na hakuna sheria iliyoweza kumzuia.

Jambo moja linabaki: tauni haikuenea kutoka Eyam kwenda vijiji vya kandokando. Watu wa vijiji hivyo waliishi, wakaoa, wakazaa. Wengi wao hawakujua majina ya wale waliokufa ili wao wapate kuishi. Yesu, katika Injili ya Yohana sura ya 15, anazungumza juu ya mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Watu wa Eyam waliutoa kwa ajili ya majirani waliokuwa wakiwaogopa.

Thomas Stanley alikufa mwaka 1670, akiwa bado hana parokia kwa sheria. Inasemekana palikuwa na watu waliotaka afukuzwe Eyam hata baada ya tauni, na wengine wakamtetea kwa sababu ya kazi aliyoifanya. Mompesson alihamishiwa parokia nyingine, Eakring. Watu wa huko walimwogopa kwa sababu alitoka mahali pa tauni, na masimulizi yanasema ilimpasa kukaa kwanza katika kibanda nje ya kijiji. Ndugu zetu waliopona Ebola Beni, Butembo na Mangina wanaijua hali hiyo. Walirudi na karatasi ya kuonyesha wamepona, lakini jirani hakununua tena mboga zao.

Tauni si habari ya zamani tu

Msomaji anaweza kufikiri kwamba tauni ilikwisha pamoja na karne ile. Haikwisha. Jimbo letu la Ituri ni mojawapo ya mahali katika dunia ambapo tauni inaendelea kuonekana, hasa katika milima ya upande wa Ziwa Albert, katika zone za afya kama Rethy, Linga na Logo. Kuna tofauti moja kubwa na Eyam: leo tauni inatibika. Dawa za kuua bakteria zinaiponya kama mgonjwa amefika mapema. Asipotibiwa, ile ya uvimbe inaua watu 30 mpaka 60 katika kila 100 wanaougua, na ile ya mapafu inaua karibu wote.

Kwa hiyo tunaomba viongozi wa makanisa katika maeneo hayo watangaze maneno haya machache baada ya ibada. Panya wakionekana wamekufa ndani ya nyumba bila sababu, usiwashike kwa mikono, mpashe habari muuguzi. Mtu akipata homa ya ghafula pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye mapaja, kwapani au shingoni, au akikohoa damu, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, asisubiri kesho. Mihogo na mahindi yasihifadhiwe karibu na mahali pa kulala, kwa sababu huwaita panya. Mtu akifa kwa ugonjwa huo, waganga waitwe kabla ya kuugusa mwili.

Neno kwa wachungaji wetu

Tumeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara tunasimama mahali pale pale: siku ambayo Mompesson alikwenda kumwona Stanley. Yeye ndiye aliyekuwa na cheo. Sheria ilimpa haki ya kumshtaki yule mzee. Stanley naye alikuwa na sababu ya kumwacha yule kijana ashindwe mbele ya watu. Kama mmoja wao angefanya hivyo, nusu ya kijiji ingesema "sisi ni wa Stanley", nusu "sisi ni wa Mompesson", na wakimbizi wangekuwa barabarani kabla ya jioni.

Hawakuwa wameumaliza ugomvi wao juu ya kitabu cha sala. Hatusomi mahali popote kwamba mmoja alibadili mawazo yake. Walipatana juu ya neno moja tu, kwamba watu wa vijiji vya jirani wasife kwa sababu yao, na wakalisema kwa kinywa kimoja.

Wakati wa Ebola, katika mitaa yetu mingine wachungaji wa jumuiya tatu au nne waliketi pamoja na waganga na mashefu, wakapatana neno la kutangaza Jumapili ile ile katika makanisa yote. Huko watu walisikia. Katika mitaa mingine kila mmoja alitangaza lake. Magonjwa yatarudi; kipindupindu kiko karibu nasi kila mwaka. Tunawasihi wachungaji wasingoje siku hiyo ndipo watafutane. Katika mkutano ujao wa wachungaji wa mtaa wenu, ulizeni swali hili kabla ya kufunga kwa sala: ugonjwa ukiingia kwetu kesho, nani atamwendea nani kwanza?

Huko Eyam, Jumapili ya mwisho ya Agosti kila mwaka, watu hukusanyika bado katika bonde la Cucklet Delf kuwakumbuka waliokufa. Makaburi mengine yamo katika mashamba, mengine hayajulikani yako wapi. Catherine Mompesson yeye yuko kwenye kiwanja cha kanisa, na siku hiyo huwekewa maua.